Mwalimu Felicitas Gatwiri Njeru na Vinanda vya Stoo

Kamati ya mazishi ilimwomba Kinya, dada mdogo wa marehemu, aandike wasifu huu, na ikamsihi sana aandike kwa upole. Kinya ndiye aliyeandika na ndiye anayesoma. Upole ameujaribu wiki nzima na umemshinda, kwa hivyo wageni wapendwa, mtuvumilie. Wakwe zetu wa Embu wamezoea kututania kwamba Wameru tuna hasira za karibu. Leo hatutabishana nao.

Marehemu Mwalimu Felicitas Gatwiri Njeru alizaliwa tarehe 14 Aprili 1978 huko Mitunguu, Imenti Kusini, mtoto wa pili wa Mama Igoki na hayati Mzee Mbae. Mzee Mbae alilima ndizi za kumwagilia, na kazi ya Felicitas ilikuwa kufungulia maji mtaro baada ya mtaro. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Akiwa na miaka minane alisimama kanisani akamwambia katekista Kiambi, watu wote wakisikia, kwamba sauti ya pili inaimbwa vibaya. Alichapwa nyumbani kwa kukosa adabu. Jumapili iliyofuata katekista alimketisha katikati ya waimbaji wa sauti ya pili, watu wazima watupu, akamwambia awarekebishe. Mama Igoki anasema mambo ya kumchapa kwa ajili ya muziki yaliishia hapo.

Alisoma shule ya msingi Mitunguu akamaliza darasa la nane mwaka 1992, kisha akaenda sekondari ya wasichana Meru mjini alikomaliza kidato cha nne mwaka 1996. Huko hakukuwa na mwalimu wa muziki. Do-re-mi alifundishwa na katekista Kiambi wakati wa likizo, kwa mkono tu: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, mkono ukipanda sauti inapanda nao. Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1998, akasomea Muziki na Kiswahili, na kuhitimu mwaka 2001. Alipotoka chuoni watu walimwuliza mtu anakula nini akisomea nyimbo. Aliwajibu kwamba anakula anachokula mwalimu wa hesabu.

Kazi aliianza Januari 2002 katika shule moja ya Maua. Wavulana walikuwa wakitoroka darasa kwenda kufunga vifurushi vya miraa kabla ya pikapu kuondoka. Walimu wengine waliwangoja langoni na kiboko. Felicitas alikwenda huko huko wanakofunga, akaketi juu ya kreti, akasikiliza mikono yao. Kesho yake aliwaambia wapige makofi vile vile wanavyofunga: shika, zungusha, zungusha, kaza. Walipopata mdundo akauandika ubaoni. "Hiyo ndiyo nota," akawaambia. "Mnaijua tayari. Sasa kazi ni kuisoma." Mmoja wao ni mwalimu wa kwaya leo, na yuko hapa.

Maua ndiko alikokutana na Njeru, mwenye bucha kutoka Runyenjes, aliyekuwa amekwenda kutafuta mbuzi. Walifunga ndoa takatifu tarehe 13 Desemba 2008, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Wanja na Igoki, huyu akiwa amepewa jina la nyanya yake wa Mitunguu. Njeru alimwomba jambo moja tu kabla ya harusi, kwamba asimrekebishe mama mkwe anapoimba. Alijitahidi kwa mwaka mmoja hivi. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyechoka kumwona anavyojiuma midomo, akamwambia, "Mwanangu, sema tu." Tangu hapo walikuwa wakiimba pamoja jikoni, na Njeru alijifunza besi akikata nyama. Nyumba yao ilikuwa na kelele nzuri.

Mwaka 2009 alihamishiwa shule moja ya sekondari nje kidogo ya Runyenjes. Jina la shule hiyo familia imeamua lisichapwe hapa. Ujumbe wake umeketi upande wa kushoto wa hema, na unajijua.

Mwaka 2017 wahisani waliiletea shule hiyo vinanda vinane vya umeme, kompyuta na projekta. Felicitas alirudi nyumbani siku hiyo akicheka peke yake. Alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: watoto wanne kwa kinanda kimoja, wawili wanacheza, mmoja anahesabu mapigo, mmoja anasikiliza na kusahihisha, kisha wanabadilishana. Asubuhi alipofika na darasa lake, chumba cha muziki kilikuwa na kufuli. Vitu vilikuwa stoo, ndani ya makatoni yake.

"Mwalimu, hizi vitu ni za pesa mingi," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Watoto wataziharibu."

"Zililetwa za nani?"

"Za shule."

"Na shule ni nani, kama si watoto?"

Alijibiwa kwamba atafikiriwa. Alifikiriwa miaka tisa.

Mnajua jinsi sebule zetu zilivyo. Kuna vikombe ambavyo mwenye nyumba hajawahi kunywea, vinangoja mgeni. Hatumcheki mtu kwa hilo, hata mama yetu, Mama Igoki, anavyo. Lakini vikombe havifanyi mtihani. Vinanda vile vilitolewa siku za wageni tu, vikapangwa mezani juu ya vitambaa vilivyofumwa, plastiki ikiwa juu yake, watu wakapigwa picha navyo, kisha vikarudi. Kuna mwaka mgeni mmoja aliomba mwanafunzi acheze kidogo. Alisukumwa mbele msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwa amewahi kugusa kinanda. Alibonyeza, hakikulia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukichomeka kwenye umeme. Mwalimu Mkuu alimweleza mgeni kwamba mitambo iko kwenye matengenezo. Yule msichana alikwenda kulia chooni, na Felicitas alisimama nje ya mlango mpaka alipotoka.

Kwa hivyo alifundisha kwa alichonacho. Alikwenda kwa Suleiman, fundi wa simu pale mjini, akamwuliza simu kuukuu inaweza kurekodi sauti ngapi. Suleiman alimtengenezea simu nne zilizokuwa zimetupwa, zisizopiga wala kupokea, ila zinarekodi na kucheza. Moja sauti ya kwanza, moja ya pili, moja ya tatu, moja besi. Felicitas aliimba sauti tatu za juu mwenyewe, akawapa kila kundi simu yao, wakaenda kujifunza kila kundi kona yake, kisha wakaja kuungana. Kwa besi alimwazima Njeru. Suleiman aliziweka pia kwenye kadi ndogo za kuhifadhia sauti, za kutia kwenye simu za nyumbani, na watoto waliokuwa wakichuma majani chai jioni walijifunza wakichuma. Baadaye walianza kujirekodi wenyewe, akawa anawasikilizisha na kuwauliza, "Umesikia nini?" Hakuwaambia wamekosea mpaka wawe wameshindwa kusikia wenyewe.

Kurekodi alikuwa anarekodia nyumbani, na mwaka mmoja jogoo wa mama mkwe aliwika katikati ya sauti ya pili. Hakuirudia, alikuwa amechoka. Wasichana wa sauti ya pili waliisikiliza mwezi mzima, na wakazoea kunyamaza kidogo hapo pa jogoo wakavuta pumzi. Kwenye mashindano ya kaunti mwamuzi alisifu pumzi ile mbele ya watu wote. Suleiman anasema hajawahi kumwona Felicitas akicheka vile, alishikilia mlango wa duka asianguke. Kombe la siku ile liko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, ndani ya kabati la vioo, nalo limefungwa.

Mnamo Novemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni mafua. Alitibiwa Embu, kisha akapelekwa Nairobi, na huko wakasema ni saratani ya koo. Hapa tunyooshe maneno, maana tumesikia yanayosemwa sokoni. Kuimba hakukumuua. Daktari alituambia wazi, na familia haitamsingizia mtu kifo. Tunachosema ni kwamba alikuwa mgonjwa, aliambiwa apumzishe koo, na alikwenda ofisini kuomba kinanda kimoja, kimoja tu, kiwape watoto sauti badala yake.

"Na kikiibiwa nitajibu nini?" Mwalimu Mkuu alimwuliza.

Felicitas alirudi darasani akaimba. Aliimba sauti zote nne, kwa koo lile, muhula mzima. Akifika nyumbani alikuwa akinywa maji ya uvuguvugu na kuonyesha kwa vidole kama anataka chai au uji. Njeru alikasirika akataka kwenda shuleni na panga la bucha, na ni mkewe aliyemfichia viatu. Mtu anaweza kuwa mkatili bila kuinua sauti wala mkono, akiwa ameketi tu kwenye kiti cha ofisi na funguo kiunoni.

Julai 2025 alifanyiwa upasuaji, na sauti ikaondoka kabisa. Watu walidhani sasa atapumzika. Alirudi shuleni Septemba. Alifundisha kwa mkono, kama katekista Kiambi alivyomfundisha: ngumi, kiganja, mkono unapanda, na darasa linaimba anachokionyesha. Zile simu za Suleiman zilikuwa na sauti yake ya zamani, akazitumia. Kisha alimshika Mwalimu Sheila, mwalimu kijana wa Kiswahili aliyeajiriwa na halmashauri ya shule, akaanza kumfundisha ufundi wote. Wawili hao walirekodi masomo ya mwaka mzima wa Gredi ya Kumi, darasa la kwanza la sekondari katika mtaala mpya, kwa video. Mikono ni ya Felicitas, sauti ni ya Sheila. Kila somo ni fupi, mtoto analiangalia, anajaribu, anajirekodi, anajisikiliza, ndipo anakuja kwa mwalimu. Somo la mwisho walilimaliza akiwa ameegemea mto kitandani.

Januari mwaka huu shule ilipokea wanafunzi ishirini na watatu wa Gredi ya Kumi waliochagua Muziki. Wazazi waliwaleta kwa sababu ubao wa langoni unasema kuna chumba cha muziki chenye vifaa vya kisasa. Kwa hilo ubao haudanganyi, vipo.

Mwalimu Felicitas alituaga Ijumaa, tarehe 6 Machi 2026, saa nne asubuhi, katika hospitali moja ya Embu, akiwa na mumewe, mabinti zake na dada yake. Alikuwa ameshika mkono wa Igoki, na vidole vilikuwa bado vinaonyesha nota. Tulijaribu kuzifuata tukashindwa. Tulikuwa tunalia.

Jumatatu, tarehe 9, mwili ukiwa bado mochari, wale wanafunzi ishirini na watatu waliitwa wakaambiwa wachague somo jingine, kwa kuwa mwalimu wa muziki hayupo. Mwalimu Sheila alisema yuko tayari, na masomo yako tayari. Aliambiwa huu si wakati wa mambo hayo, shule inaomboleza.

Jumanne ujumbe wa shule ulikuja nyumbani kutupa pole. Tuliwapa chai. Mwalimu Mkuu alisema shule imeamua kumpa marehemu heshima kubwa, na kwamba siku ya mazishi wataleta kinanda kimoja. Kinya alishukuru, kwa kweli moyo wake uliruka. Akauliza nani atakicheza.

Mwalimu Mkuu aliweka kikombe chini. "Hakuna anayejua, Mama," akasema. "Kitawekwa tu, hapo karibu na jeneza. Kwa picha."

Kinya aliwaomba wamalize chai. Kisha alitoka nje, akaenda nyuma ya zizi, akapiga mayowe mpaka majirani wakafikiri kuna kifo cha pili.

Basi ndiyo sababu leo hamkioni kinanda chochote karibu na jeneza. Familia ilikikataa. Mtakaowaona wakisimama kuimba ni wale watoto ishirini na watatu, na atakayewaongoza kwa mkono ni Mwalimu Sheila.

Marehemu ameacha mumewe, Njeru, mabinti wake, Wanja na Igoki, mama yake, Mama Igoki wa Mitunguu, mama mkwe, dada yake, Kinya, ndugu, mashemeji, wapwa na marafiki wengi, akiwemo fundi Suleiman, ambaye amefunga duka leo. Ameacha pia darasa, na darasa ni watu, kwa hivyo limeandikwa hapa pamoja na jamaa.

Ratiba inaonyesha kwamba anayefuata kuzungumza ni Mwalimu Mkuu. Familia inamkaribisha. Asitueleze kwamba alikuwa mwalimu hodari, tunajua. Asisome salamu za halmashauri. Tunamwomba atutajie siku ambayo chumba cha muziki kitafunguliwa na watoto hawa kurudishwa humo pamoja na Mwalimu Sheila, kisha aketi.

Mwishoni mwa wasifu huwa tunamtakia marehemu pumziko la amani. Sehemu hiyo haikusahauliwa na mchapishaji. Nafasi yake imeachwa wazi chini ya ukurasa huu. Mwalimu Mkuu akishataja siku, tutaiandika kwa mkono, kila mtu kwenye nakala yake. Asipotaja, tutamzika dada yetu hivi hivi, na Jumatatu asubuhi tutakuwa langoni.