Bi Mwanasha na Ukurasa wa Vyakula Vilivyoharibika

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mwanasha Mbarak anastaafu baada ya kufanya kazi nasi kwa miaka kumi na tisa. Alikuja kuhariri vijitabu vya mapishi tulivyouza katika maduka ya Mtaa wa Biashara. Vijitabu vilipokosa wanunuzi, ndiye aliyehamishia mapishi kwenye tovuti, akijaribu kila pishi nyumbani kwake mtaani Woodley kabla ya kulichapisha. Kwa muda mrefu, aliyetafuta mahamri au mkate wa sinia mtandaoni alifika kwetu.

Mwaka jana mambo yakabadilika. Mtambo wa kutafuta mtandaoni ulianza kumwandikia mtu jibu palepale juu, asihitaji kufungua tovuti yoyote. Wasomaji wakapungua polepole, halafu kwa kasi. Mkurugenzi wetu, Bwana Zedekiah, alitueleza waziwazi: hali isipotengemaa kufikia Desemba, tovuti ingefungwa, na wafanyakazi wake wangetafuta kazi kwingine.

Kwanza tulijaribu kuufurahisha mtambo. Tuliandika makala ndefu za kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Wasomaji wakaongezeka kidogo, kisha mtambo ukabadilishwa tena, wakapotea wengi kuliko mwanzo. Bi Mwanasha alipopewa aandike "Chai ni nini?" aliirudisha kazi hiyo ikiwa tupu. "Nairobi hii, nani hajui chai?" Chumba kizima kilicheka, Bwana Zedekiah akiwemo.

Ndipo akaleta wazo lake. Mtambo unajibu wanaotaka kupika, alisema. Sisi tuwashughulikie walioharibu tayari. Akafungua ukurasa unaoitwa "Kimeharibika". Picha ya kwanza ilikuwa ya mkate wake mwenyewe wa sinia, bapa kama kandambili.

Msomaji mmoja, Nanyama wa mtaa wa Mountain View, akatuandikia: "Anti, mahamri yangu imekataa kufura na wakwe wako kwa geti!" Bi Mwanasha alimjibu papo hapo kwamba yaelekea tui lilikuwa moto mno, likaua hamira; basi asukume unga ule uwe mwembamba, aupike kama chapati. Wakwe walikula, wakaomba waongezewe. Nanyama akawasimulia wenzake kanisani, nao wakaja na makosa yao.

Desemba ilipofika, tovuti haikufungwa. Idadi ya zamani haijarudi, lakini wengi sasa huandika jina letu moja kwa moja, na hurudi. Mtambo umeyachukua hata baadhi ya majibu ya Bi Mwanasha. "Wacha uchukue," husema. "Kesho wataunguza kingine."

Miezi hii ya mwisho ametuachia ukurasa huo sisi tuliotoka shule juzi. Hukaa kando na kutusomea majibu yetu kwa sauti, na pale tulipojifanya wajuzi huinua tu nyusi.

Asante, Bi Mwanasha. Kazi ulizozipigania zipo, na maswali ya leo asubuhi tumeyajibu wenyewe. Tunakuombea afya na siku za raha pamoja na wajukuu. Sasa wakupikie wao. Wakiunguza, usiinuke kitini: waambie watutumie picha.