Vita Nilivyovitangaza Nyuma ya Pazia

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetoka Capital Hill, serikalini kule Lilongwe, kuja kutufungulia chumba hiki, zikomo kwambiri, asante kwa safari, Bwana Msimamizi wa kambi, wachungaji wetu, wenyeviti wa bloku zote, Papa Melchior, mwenye nyumba hii, walimu wangu, bapapa na bamama, na nyinyi wadogo mliokaa kwenye mikeka hapa mbele: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na ambaye sikumtaja aniwie radhi, ni woga tu.

Kwa wasionijua, naitwa Elodie, binti wa Ezechiel fundi cherehani. Nina miaka kumi na saba. Nimechaguliwa kutoa shukrani za vijana kwa sababu nilianza shule kwa Kifaransa kule kwetu Kongo, Uvira, nikaendelea kwa Kiingereza hapa Malawi, kambini Dzaleka, basi watu wanafikiri mwenye lugha mbili hakosi maneno. Mimi nayakosa. Nikiitwa ubaoni natamani ubao unifunike. Na wewe, Mwalimu Adolphe, naomba unisamehe mapema: ile karatasi uliyonisahihishia iko mfukoni. Hii ninayoisoma nimeiandika leo asubuhi, na hujaiona.

Ndugu wageni, chumba hiki tunachokifungua leo kwa ajili ya hadithi na michezo ya watoto, hadi mwaka jana kilikuwa nyumba ya video. Papa Melchior alikuwa anapanda minibasi mpaka soko la Area 25, Lilongwe, kutafuta sidii, na filamu zote zilikuwa za Kiingereza. Nani angezielewa? Ndiyo maana pale kwenye kona palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia mtu mwenye kipaza sauti, anayepunguza sauti ya filamu na kutusimulia kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa ya Guy, mpwa wake Papa Melchior. Na Guy hakuwa anatafsiri tu, alikuwa anatia chumvi. Jambazi wa kizungu anapewa jina la mwenyekiti wa bloku. Mji wa ng'ambo wenye maghorofa unageuka Lilongwe. Watu wanacheka mpaka wanashikana.

Na mbele kabisa, karibu na kioo, walikuwa wanakaa nani? Watoto wa miaka minne, mitano, saba. Je, nimesimama hapa kuwalaumu wazazi? Hapana. Mama aliye na cherehani ya kumaliza, au foleni ya maji, au foleni ya mahindi, mvua inanyesha, barabara ina magari, angemwacha mtoto wapi? Hapa palikuwa na bati, mlango, na mtu mzima. Mimi mwenyewe nilikuwa naleta wadogo zangu. Hatukuwaleta kwa ubaya. Tulisema ni filamu tu.

Sasa nifike mahali pagumu.

Mnaikumbuka ile Jumamosi ya Januari mwaka jana, siku aliyopotea Bora, binti wa Mama Capitoline? Mnajua kwamba kipaza sauti ndicho kilichomtia woga. Mnajua pia nani alilaumiwa. Kitu msichokijua ni kwamba siku hiyo Guy hakuwa nyuma ya pazia. Koo lilikuwa limemvimba, hata mate hayamezeki. Alinifuata nyumbani akaniandikia kwenye kikaratasi: nishikie nafasi Elodie, saa nane, filamu moja tu.

Nyuma ya pazia nilikuwa mimi.

Naomba mnivumilie, nimalize.

Mheshimiwa, mtu mwenye haya akifichwa uso, haya inaisha. Nilipoona hakuna anayenitazama, nilipata sauti nisiyoijua. Nikaikaza iwe nzito kama ya Guy. Watu wakacheka, nami nikazidi. Kwenye filamu askari walikuwa wanaingia katika mji fulani wa theluji, wanavunja milango. Nikatafuta maneno ya kuwapa. Nikayachukua yale niliyoyasikia nikiwa na miaka sita, mlangoni petu, usiku wetu wa mwisho Uvira: “Mulale chini bote! Mwenye atainua kichwa, shauri yake!” Benchi za nyuma, wakubwa walinyamaza. Nilidhani wamependa. Nikatia chumvi ya mwisho. Nikasema: “Bamesha fika Area 25! Sasa banapanda huku Dzaleka!”

Vijana wakapiga miluzi. Bora akasimama, akatoka.

Bora alizaliwa hapa. Vita hajawahi kuviona. Lakini ni mama gani wa kwetu ambaye hajamfundisha mtoto wake cha kufanya? Alikwenda nyumbani, mama yake yuko kwenye foleni. Akainua godoro, akatoa kadi ya chakula kwenye plastiki yake, kwa sababu aliambiwa siku zote kadi kwanza. Akamfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge. Akafunga mlango. Akashika barabara ya kwenda Dowa, maana adui alikuwa anatokea upande wa Lilongwe. Miaka saba, ndugu zangu. Hakukosea hata kitu kimoja.

Alikutwa jioni, mbali, kwenye mashamba ya mahindi. Mwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kijana wa Kimalawi, alimwona akasimama, akamuuliza anakwenda wapi. Bora akamjibu kwa Kiswahili: “Tunakimbia. Na we kimbia, banakuya.” Yule kijana hakuelewa neno, lakini alielewa mtoto. Akawapakia wote wawili, akawarudisha. Hatujui hata jina lake, na leo namshukuru mbele yenu.

Usiku ule ule nilimwendea Guy, nikilia, nikamwambia kesho naenda kusema. Akaninong'oneza, sauti bado haijarudi: “We nyamaza. Mi niko mukubwa, batasahau.”

Hamkusahau. Aliondolewa kufundisha watoto kanisani. Wamama walikuwa wakimwona wanawavuta watoto upande wa pili wa njia. Na watoto wenyewe wakimpita wanaimba: “Guy, banakuya? Guy, bamefika wapi?” Yeye anacheka, anajibu: “Bamechoka, banakunywa chai.” Mwaka na miezi miwili anajibu hivyo. Mimi nasikia, napita nikiinama.

Kuna kitu kingine. Baada ya siku ile nilikuwa namtembelea Bora, nikijifanya namfundisha kusoma. Siku moja nikamwambia kama wakubwa wanavyosema: “Bora, ile damu ya filamu ni rangi tu.” Akafikiri. “Na risasi?” Nikamwambia, ya uongo. Akafikiri tena, akaniuliza: “Na ile ya mama, ku mguu?”

Mama Capitoline, unisamehe kusema la nyumbani kwako mbele ya watu. Siku ile nilimfunulia tu ukurasa mwingine, tukaendelea kusoma. Ndiyo maana nikiulizwa kama mtoto mdogo aruhusiwe kutazama filamu za kuuana, sijibu kwa vitabu. Mahali pengine labda mtoto anatazama, anazima, anaenda kulala. Kwetu filamu inaishia kwenye kioo, halafu inaendelea kwenye mguu wa mama yake. Tumngoje akue. Akiweza kutuuliza maswali yote, na sisi tukiweza kuyajibu, tutatazama naye, tumekaa kando yake.

Papa Melchior, uliiondoa televisheni mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, na chumba ukatupa bure. Aksanti sana, papa. Mheshimiwa, aksanti kwa vitabu na mikeka. Nimesikia kwamba wazee wanataka kipaza sauti cha hadithi za watoto nipewe mimi. Nawashukuru, lakini sitakipokea. Hapa kambini kuna mtu mmoja anayejua kuchekesha watoto hata wanapomtukana, na kazi hiyo ilikuwa yake.

Mama Capitoline, makosa ni yangu, si ya Guy. Nakuomba msamaha, na sikuombi unijibu leo. Jambo ninaloliomba leo ni dogo. Guy hakualikwa. Amesimama nje, dirishani, upande huu wa kushoto, na sasa ananifanyia ishara ninyamaze. Sinyamazi. Naomba bamama wa benchi ya mbele mjisogeze kidogo, nafasi ya mtu mmoja, na mlio karibu na mlango mumpishe.

Guy, ingia.

Nimemaliza. Mungu awabariki nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza, nikiwa mbele ya pazia.