Mzee Luhaga, Panya wa Nyasi na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mzee Mihayo Luhaga, mtega panya wetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa malisho hapa Magu kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza akiwa mchungaji wa ng'ombe wa kituo, na mpaka leo huwaita wenzake kwa mluzi.

Kazi yake ilikuwa kutega panya pande mbili ili watafiti walinganishe. Palipoliwa na ng'ombe mpaka udongo ukabaki uchi, alipata panya wachache waliozoea ukame. Ndani ya ngitili, malisho yanayofungwa ili majani yapumzike, alipata panya wa nyasi wa kila namna. Chambo chake cha dagaa na karanga kilinukia hadi ofisini, na wapo watumishi waliokionja.

Soko huria lilipoingia, wanunuzi wa pamba walijazana Kisesa na kila mtu akalima hadi mlangoni. Malisho yakapungua. Kiangazi hicho ng'ombe wa Mama Odeta, mama mkwe wa Mzee Luhaga, walivunja uzio wa ngitili yetu. Wangeendelea kuingia, utafiti wote ungepotea. Mkuu wa kituo akamwagiza Mzee Luhaga akamkanye mama huyo.

Lakini Msukuma hamkanyi mama mkwe. Akikutana naye njiani, humpisha. Mzee wetu alikonda kwa mawazo, nasi tukamcheka, Mungu atusamehe.

Kumbe ana lake. Kila asubuhi alikata majani kando ya ziwa, akayafunga kwenye baiskeli na kuyaacha langoni kwa mama mkwe bila kubisha hodi. Nilijitolea kuyabeba kwa Landrova, akakataa, akisema mzigo huo ni wake. Alifanya hivyo mpaka mvua ziliponyesha. Ng'ombe walishiba kwao, na panya wetu wakazaana kwa amani.

Mama Odeta hakusema neno miaka yote hii. Juzi amemtuma binti yake na habari kwamba amefunga ngitili kwa ajili ya ng'ombe wa mkwewe anayestaafu. Ametoa masharti mawili: pasilimwe pamba, na panya wasisumbuliwe. Mzee Luhaga alifuta machozi mbele yetu sote.

Asante, mzee wetu. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na nyasi za kukutosha wewe, ng'ombe wako na panya wako. Na mama mkwe akipita, mpishe.

Farouk Seif, dereva wa kituo