Sahani Iliyojaa Mboga

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za mchana.

Ndugu zangu, kuna swali lililoninyima usingizi: mtu akipunguza ugali, anakula nini ambacho hakimchomi kifua? Mnacheka? Mimi nililia.

Daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, nipunguze ugali, wali na viazi. Nikatii kama niko kwenye mtihani. Mishikaki, kachumbari, mchuzi wa nyanya, mtindi. Asubuhi maji ya ndimu, kwa sababu simu ilisema. Sukari ikashuka, kiungulia kikapanda. Nikiinama tu, uchachu mpaka kooni. Nikarudi kwa daktari. Akasema niache ndimu, nyanya, pilipili na mafuta mengi, nitafute vyakula vilivyopoa, visivyo na uchachu wala ukali, lakini ugali nisiurudie kwa fujo.

Vilivyopoa vipi? Nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Huyu anasema ndizi, yule uji, na vyote ni wanga. Nikabaki na matango na mayai ya kuchemsha. Sketi zikaanza kunivuka.

Hapa kikundini, tunapopika kwa zamu na kula pamoja, nikawa nikiona ugali unasongwa, naaga. Nikikataa kula, nawaza, watasema usomi umenipanda kichwani. Nikila, naumia. Nikieleza, watanihurumia. Kumbe na ninyi mlikuwa na mawazo yenu! Siku moja mama mmoja akanidaka mlangoni.

"We binti, unaogopa tutakulisha sumu?"

"Hapana mama! Ni tumbo." Nikamweleza yote, wengine wakisikiliza.

"Sasa nsansa zina ubaya gani?"

"Nsansa ni mboga, mama. Mimi natafuta chakula."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Kwani mboga inaingia tumbo lingine? Jaza sahani!"

Nawaambia kweli, nsansa, hayo majani ya kunde, zimekaushwa nyumbani kwetu tangu nazaliwa, na sikuwahi kuzifikiria. Kwetu usipokula ugali, hujala.

Basi jikoni ikawa vita. Huyu anatia nyanya, yule anamnyang'anya. Wakanipikia nsansa kwa karanga na chumvi, na samaki sato wa kuchemsha. Mara ya kwanza karanga zilizidi, kifua kikaniwaka, wakapunguza. Ladha? Mtanisamehe, ilikuwa kama kulamba ukuta. Nikazoea. Sasa nalala, kifua kimetulia, na kipimo cha juzi kilimfurahisha hata daktari.

Wabeja sana, asanteni, mama zangu. Asante ya pekee kwa aliyenidaka mlangoni, anajijua. Wewe unayeumwa ukiwaza watu watasemaje, sema. Watacheka kidogo, halafu watawasha jiko.

Nilijiuliza wiki nzima kama nitathubutu kuomba zamu ya kupika leo. Nikaomba. Ugali wenu upo, nimeusonga mwenyewe. Mimi nimeshajipakulia nsansa. Naweni mikono, tule.