Mahamudu Kaimu, Fundi Redio Aliyejifunza Kiklingoni

Marehemu Mahamudu Kaimu alizaliwa Naipingo, Nachingwea, tarehe 14 Machi 1966. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, akajifunza ufundi redio na kufungua kibanda sokoni Nachingwea. Mwaka 1993 alimwoa Mwantumu Mbaruku wa Matambarale, Ruangwa.

Mwaka 2017 yeye na fundi mwenzake, Anselmo, walianza kujifunza kwa simu Kiklingoni, lugha iliyotungwa kwa ajili ya filamu. Sentensi zilimtesa, kwa kuwa huko kinachotendwa hutangulia na mtendaji huja mwisho. Alipokosea, Anselmo alimcheka: "Fundi, hicho ni Kiswahili ulichokivisha koti!" Alijaza madaftari manne. Nyumbani hakusema neno. Aliona haya kwa umri wake.

Tarehe 10 Aprili 2025 sukari ilimpanda, akaweweseka kwa lugha hiyo. Dada yake, Hafidha, akaleta mganga. Mganga alipouliza jini linataka nini, marehemu alijibu sentensi ndefu, iliyonyooka. Mganga akaitafsiri: kuku wawili weusi, na mke aondoke, kwani ndiye aliyelituma. Mwantumu, mke wa miaka thelathini na miwili, alirudi Matambarale na kapu moja la nguo. Hata mumewe alipolazwa hospitalini, alizuiwa kumwona.

Wiki ya saba, sukari ikiwa imeanza kushuka, Anselmo alifika wodini na daftari. Akasoma mstari mmoja. Mgonjwa akacheka, akamjibu. Wakaendelea hivyo, wakisahihishana, ndugu wameduwaa.

"Jini limekuhamia na wewe?" Hafidha akauliza.

"Jini gani, dada? Haya ni masomo. Mwulize mwenyewe."

Mahamudu akasema kwa Kiswahili, "Mke wangu yuko wapi?"

Hafidha mwenyewe alipanda bodaboda hadi Matambarale. "Wifi, twende. Tulikukosea." Maneno hayo yalichelewa wiki saba, lakini yalisemwa mbele ya watu, na Mwantumu akashusha pumzi. Sukari ilipopanda tena, alimuuguza mumewe siku za mwisho, akimlisha uji kwa mkono wake, hadi alipofariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa tisa alasiri.

Ameacha watoto wawili, Shakila na Masoudi, waliofika kutoka Dar es Salaam, wajukuu watatu, dada yake Hafidha, na mjane wake Mwantumu, anayekaa eda katika nyumba aliyoijenga na mumewe, wala hakuna wa kumwambia atoke.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mahamudu, alale kwa utulivu.