Papa Ruphin, Mtafuta Mtu wa Kumi

Papa Ruphin Kalonda ametumika katika sinagogi yetu ya Overport, hapa Durban, miaka ishirini na saba, na Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, anaacha kazi. Haachi peke yake. Nyumba ya sala imeuzwa, mlango unafungwa, na Rabi Kagan anahamia Cape Town kwa binti yake. Keki iko, soda iko, lakini tusidanganyane: ni kilio.

Nyumba hii ilijengwa na Wayahudi waliokimbia Lituania, zamani sana. Walishuka melini hawajui lugha ya mtu, wakatembeza mashati mlango kwa mlango. Wakongomani mnaosoma hapa, hayo hamhitaji kuelezwa. Rabi wao wa kwanza, Perlov, alihubiri Kiyidi, lugha ya kwao, mpaka akafa, na watoto waliozaliwa Durban wakasinzia. Wa pili, Rabi Feldman, akahubiri Kiingereza, watoto wakaamka. Wakasoma, wakapanda ndege, wakaenda Australia. Wa tatu ni Kagan wetu, ambaye amezika wengi kuliko aliowafungisha ndoa.

Papa Ruphin alifika kutoka Uvira mwaka 1998, na Rabi Feldman akampa ufagio na funguo. Ijumaa yake ya kwanza tunaicheka mpaka leo. Siku ya Sabato Wayahudi hawagusi swichi ya taa, wala hawaruhusiwi kumtuma mtu awawashie. Yeye akaona taa zinawaka na jua bado liko juu, akazima zote, akaenda zake getini. Jua likazama. Sabato ikaingia, watu wakabaki ndani kama viazi kwenye gunia.

Rabi Feldman akatoka, akatazama mbingu. "Eish, leo giza ni nene."

"Kweli, Rabi. Mvua itanyesha."

Mzee akarudi ndani. Akatoka tena. "Mtu anaweza kujikwaa humo."

"Pole, Rabi. Mutembee polepole."

Wakasali gizani.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa ufagio. Sala ya kuwakumbuka marehemu inataka wanaume kumi, Wayahudi, wasipungue. Wazee walipokuwa wanaisha, Papa Ruphin ndiye aliyetafuta wa kumi. Alipiga simu, alibisha milango, aligonga vioo vya magari kwenye robot, zile taa za barabarani. Mara moja alimleta Pandu, Mtanzania wa duka la simu, kwa sababu ya kofia yake tu. Pandu alikula samaki niliyempika mimi, Mama Sikujua, mpishi wa hapa, akashukuru, akaenda msikitini.

Wiki jana Jumanne ilitimia mwaka tangu mke wa mzee Lazar afariki. Lazar alitaka sala yake isomwe humu humu, alimofungia ndoa, kabla nyumba haijaenda kwa wengine. Papa Ruphin akamwambia, "Papa, watu kumi utawapata."

Walikuja tisa, na siku yenyewe ingeisha jua likizama. Wa kumi alikuwa amelazwa hospitalini tangu asubuhi. Papa Ruphin akapanda taxi mpaka Westville: mwanafunzi mmoja alikuwa na mtihani. Akaenda Mobeni kwa bwana mwenye kiwanda: bwana yuko mkutanoni. Akarudi jua linashuka, shati limemganda mgongoni, peke yake.

Lazar akamwonyesha kwa fimbo. "Rabi, huyu hapa. Mhesabu Ruphin. Amekaa humu zaidi ya mwanangu."

Rabi Kagan akasema, "Siwezi, Lazar. Ingekuwa naweza, ningemhesabu zamani."

"Papa, usimsumbue Rabi," Ruphin akasema. Akaenda kusimama mlangoni, akaangalia barabara.

Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Rabi, sheria gani hii isiyomwona mtu?"

"Mama Sikujua," akaniambia, macho mekundu, "hata mimi nimeikasirikia."

Jua likazama. Sala haikusomwa. Rabi alisoma Zaburi, hiyo hata watu wawili wanaweza, na Papa Ruphin aliifuata kwa Kiswahili pale pale mlangoni, maana anaijua. Lazar alipotoka alimshika mkono, hakuuachia mpaka kwenye gari. Ruphin akarudi, akakaa kwenye ngazi, akalia kama mtu aliyefiwa na mama. Alisema ameahidi.

Papa Ruphin, sikia. Nimekupikia miaka yote hii, nina haki ya kukugombeza. Uliahidi, ukakimbia mji mzima, watu hawakuwepo. Hukuwafukuza wewe. Waliondoka, kama sisi tulivyoondoka kwetu, na nyumba waliyoiacha ukaishika wewe mpaka siku ya mwisho. Lazar anajua. Jana alinipigia simu kuuliza unakaa ghorofa ya ngapi.

Basi usiende tena kugonga vioo vya watu. Kaa nyumbani, weka chai, acha mlango wazi. Sasa ni zamu yetu kukutafuta. Asante, kaka yangu. Mungu akupe uzee wa taratibu, na usile peke yako.