Kisu cha Kwenda Gwarama

Kijiwe chenyewe kilikuwa Kasulu, hatua chache kutoka stendi ya mabasi: benchi moja la mbao za kreti, birika la kahawa la Maximilla, na mizani ya maharage ya Abdalah, ambaye kwa ajili ya mizani hiyo kila mtu alimwita Kilo. Asubuhi hiyo ya Novemba, mwaka tisini na saba, mvua ilikuwa imepumzika kidogo na benchi zima lilikuwa kwenye shughuli ya Evaristi. Yeye walimwita Msomi. Digrii ya jiografia, miaka minne bila kazi, barua za maombi arobaini na moja, na mdomo uliozidi kuchongoka kila alipojibiwa kwamba atajulishwa. Sasa barua ya arobaini na mbili ilikuwa imejibu kweli. Mradi mmoja wa maji ulitaka mtu wa kutembea kwa miguu siku kumi na mbili, kutoka Kasulu kupitia Busunzu hadi Gwarama, akiorodhesha chemchemi za vilimani kwa penseli, kwa kuwa wino na mvua havipatani. Usaili kesho saa mbili. Kila mwombaji aje na mzigo wake mgongoni, usizidi kilo nane, na ndani yake kiwemo kisu chepesi cha kukunja.

Msomi alikuwa na vyote isipokuwa kisu. Alilalamika kwamba chuo kikuu kilimfundisha mito ya Siberia, lakini visu, nothing.

Benchi likamletea vitatu.

Kipriani, dereva wa zamani wa malori ya kambi za wakimbizi, aliyeitwa Komandoo bila kuwahi kushika bunduki, alitoa chake kwa mbwembwe. Kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake mlijikunja mkasi, msumeno, kifungua makopo na chuma fulani kilichojisokota ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Komandoo alishikilia kuwa ni cha kutolea funza.

Kilo hakueleza kitu. Alikigonga chake kwenye jiwe, kama watu wanavyogonga jembe jipya kabla ya kulinunua, kikalia mlio mrefu.

— Umekisikia? Hicho ndicho chuma.

Cha mwisho kilitoka kwenye koti la mzee Tharsisi, aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na ambaye, kwa ajili ya Kifaransa chake, walimwita Msiyo. Mpini wa mti, bapa jembamba, na shingoni pete ya kuzungusha ili bapa lisikufungie vidole. Kilo alikipima kiganjani, akacheka. Akasema hicho ni cha bibi harusi kumenyea viazi.

— Oya, alikataa Msiyo taratibu kwa Kirundi. Ila mpini ukivimba kwa mvua, upake mawese kwenye kiungo.

Hakuna aliyemsikiliza, maana Kilo alikuwa ameshaanza kueleza kuwa mtu mwepesi huzolewa na mto Malagarasi, na chuma kizito mfukoni humshika miguu chini. Komandoo akaona amezidiwa, akaleta habari ya chui.

— Chui akipanua mdomo, unakikunjua kisu humo ndani, wima. Hawezi kuufunga tena. Anabaki anakutazama tu.

— Na mkono wangu uko wapi wakati huo? aliuliza Msomi.

— Unautoa haraka, bwana. Si ndiyo maana ulisoma?

Wakauweka mzigo wa Msomi kwenye mizani, na upande wa pili mawe ya kilo nane. Ulipungukiwa kidogo sana. Wakatia kisu cha Komandoo, mzigo ukashuka pwaa. Wakatia cha Kilo, ukashuka vilevile. Kilo akashauri sabuni ibaki nyumbani, Komandoo akashauri sweta. Msomi alijua usiku wa vilima vile ulivyo, lakini alishajiona mbele ya wasaili akikunjua vyuma vya kisu cha Komandoo kimoja baada ya kingine, na mkono wake ukaanza kuivuta sweta nje.

Hapo ndipo alipofika Anifa, muuguzi wa chanjo kutoka Tanga, buti zimejaa tope hadi magotini. Alikuwa ametoka vijijini kwa miguu. Alisalimu kwa Kiha, "Mwakeye", kwa lafudhi ya pwani, akachukua kikombe, akasikiliza habari ya chui hadi mwisho, kisha akauliza:

— Kaka, huko unakokwenda utakata nini?

Swali dogo kama hilo lilikuwa limempita Msomi, yeye na digrii yake. Akaitoa barua, akaisoma upya. Kisha akachomoa penseli mfukoni, akaivunja ncha makusudi.

Kisu cha Komandoo kiliivunja tena. Cha Kilo kiliondoka na nusu ya mti. Cha Msiyo kiliichonga nyuzi nyembamba, na ncha ikatoka kali kama sindano. Sweta ikarudi ndani, kisu juu yake, na mkono wa mizani ukasimama sawasawa.

— Vwala, ndicho hicho, alisema Msiyo, akamrudia Msomi habari ya mawese.

Kesho yake mvua ilikuwa inapiga mabati. Waombaji walikuwa tisa. Mama Generosa, mkubwa wa msafara, aliwasimamisha nje na mizigo yao mgongoni, akampa kila mtu penseli isiyochongwa na kuwaambia waandike majina yao. Watu walitoa visu vya kuchinjia mbuzi. Viungo vilikwama kwa maji, mmoja alijikata kidole. Kisu cha Msomi, kilicholala na mawese, kilifunguka bila mgogoro. Alimaliza kuandika wengine wangali wanang'ang'ana.

Saa nne alipita kijiweni, mzigo mgongoni, haendi nyumbani bali Busunzu. Benchi lote lilisimama. Kilo alimtangazia kila mpita njia kwamba mizani ilikuwa yake. Komandoo hakukubali kushindwa kirahisi.

— Na chui je, Msomi?

Msomi aliligusa koti pale kisu kilipokaa.

— Akija nitamchongea penseli, aandike maombi ya kazi. Atajulishwa.